Mstari Ulioshuka Hadi Kitakoni mwa Glasi

Editha, ambaye sasa ndiye anayekalia kiti changu kwenye mashine ya leza, aliniomba kabla sijastaafu niwaandikie namna ya kuchora glasi ili mchoro utoke safi na udumu. Nilimwambia maelezo yote yamo kwenye kijitabu kilichokuja na mashine. Akasema kijitabu kile kiliandikwa na mtu ambaye hajawahi kukutana na mteja. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana karakana ya watu watatu haina vyeo, na mshahara wangu haukuwahi kufanya jambo la kusimuliwa.

Nilianza kazi mwaka ule vita vya mpakani vilipokwisha. Tulikuwa tumerudi nyumbani, mtaani Nshambya, kutoka Muleba, tulikokimbilia kwa kina mjomba, na hapa mjini madirisha mengi yalikuwa yamezibwa kwa maboksi. Ta Kalisti (Ta ni Baba, kwa heshima ya kwetu), mwenye karakana, alikuwa na vijana wawili waliomsaidia kuchora vioo. Wote waliondoka na mgambo. Mmoja hakurudi, mwingine alirudi na mikono inayotetemeka hata akishika kikombe. Ta Kalisti akaenda shuleni kwetu kumuuliza mwalimu mkuu ni nani mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Alitajiwa mimi, Adelina. Nilikuwa na mwandiko mzuri kweli, na kwa bahati mbaya nilikuwa ninalijua hilo.

Siku ya kwanza hakunipa kalamu. Alinipa ndoo, akanituma nizunguke madukani kuomba vipande vya vioo vilivyopasuliwa na vita. Nilirudi na ndoo nzito na kidole kilichochanika. Akaniambia hivyo ndivyo vitakuwa daftari langu. Kwa miezi mitatu nilichora herufi kwenye vipande vile, na kila jioni alivishika juani, akaangalia, akavirudisha kwenye ndoo bila neno. Siku aliyosema, "Hii inasomeka," nilitembea hadi Nshambya nikicheka peke yangu njiani kama mwehu.

Vifaa vyetu vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa kalamu ya almasi, fimbo ya chuma yenye chembe ya almasi nchani, ambayo kila usiku ililala ndani ya kopo la kahawa kabatini. Ilikuwa moja tu. Cha pili kilikuwa mashine ya meno. Hospitali moja ya misheni ilikuwa imepata mpya, ikamuuzia Ta Kalisti ile kuukuu ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Alifunga vijiwe vidogo vya kusagia pale ilipokuwa ikikaa sindano ya kutobolea meno. Wazee waliokuja karakana waliitambua kwa mlio wake, wakasimama mlangoni wakikataa kuingia.

Mambo aliyonifundisha ni machache, na hayajazeeka. Gonga glasi kwa ukucha kabla ya kuikubali. Ikilia kwa muda mrefu, basi ina madini mazito ndani na haivumilii joto, hivyo mwonye mwenye glasi. Zile glasi ngumu, zinazoanguka sakafuni zisivunjike, usizichore kabisa. Ukizichimba kidogo tu zinageuka punje mkononi mwako, au zinangoja zifike kwa mteja ndipo zigeuke. Weka kitambaa cheusi ndani ili uone unachofanya. Dondoshea maji muda wote, maana joto ndilo linalopasua kioo, na vumbi la kioo likiingia kifuani halitoki. Na jambo la mwisho, ambalo kwake lilikuwa kama amri ya Mungu: safisha mwandiko. Mteja akileta jina alilojiandikia, usilichore lilivyo. Liandike upya kwa mkono wako, herufi zisimame sawasawa, ndipo ulipeleke kwenye kioo. Mteja, alisema, halipii makosa yake mwenyewe.

Miaka ya kwanza tulichora vitu vya furaha. Glasi za harusi, vioo vya maduka yaliyofunguliwa upya, zawadi za shule. Baadaye, polepole, kazi ikabadilika. Watu walianza kuleta vipande vya kioo vya mraba vya kuwekwa kwenye saruji ya kaburi, na majina tuliyotakiwa kuyachora yalikuwa ya watu wa rika langu. Ugonjwa uliowakondesha hadi kuwaua ulikuwa na majina mengi, silimu likiwa mojawapo, lakini karakana kwetu hakuna aliyelitamka. Walisema tu, "Ni kioo cha mdogo wangu." Kuna wiki tulichora vitano. Kuna familia ilikuja mara tatu kwa mwaka, na mara ya tatu Ta Kalisti alikataa kupokea chochote, akajifanya amesahau bei. Nilichora wasichana niliosoma nao. Nilichora yule niliyekaa naye dawati moja, na herufi za jina lake zilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Nilijichukia kwa kuliona hilo.

Katika miaka hiyo ndipo alipokuja Ma Skolastika kutoka Muleba. Mumewe alikuwa mchuuzi wa samaki wa visiwani, na alikuwa ameshazikwa. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda, kanga imemzunguka mara mbili, lakini alitembea wima. Alitoa kwenye kikapu glasi tatu za seti aliyopewa kwenye harusi yake, na karatasi ya daftari yenye majina matatu aliyoyaandika kwa penseli. Mulashani, aliyezaliwa wakati wa vita. Kokugonza. Na Kemilembe, aliyekuwa hajafikisha hata miaka miwili. Alisema anataka kila mtoto awe na glasi yake. Nilimuuliza kama angependa na maua pembeni. Akasema hapana, majina tu.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Herufi zake zilikuwa zimelegea, nyingine zimepanda, nyingine zimeshuka, maana mkono ulikuwa dhaifu. Niliziandika upya kwenye karatasi safi, nikazipanga kama askari. Ile karatasi yake niliilowesha nikafutia vumbi la kioo, kisha nikaitupa. Alipokuja kuchukua glasi zake nilimsogezea mezani nikingoja sifa. Alizigeuza moja moja. Akanishukuru vizuri, kama mtu aliyelelewa. Halafu akakaa kwenye benchi na machozi yakaanza kumtoka.

Nilimuuliza kama kuna jina nililokosea.

"Hujakosea, mwanangu. Ni nzuri sana," alisema. "Lakini huu ni mkono wako. Nilitaka wabaki na wangu."

Ndipo nilipoelewa. Hakuwa na picha, ile ya harusi ilikuwa imeharibika kwa maji. Alichokuwa nacho cha kuwaachia watoto, kitu ambacho kingetoka mwilini mwake, kilikuwa mwandiko, nami nilikuwa nimeufutia vumbi. Nilimwomba aandike tena palepale, lakini alipojaribu kuishika penseli vidole vilikataa. Alikuwa amechoshwa na safari ya basi. Nilimwahidi kwamba Jumatano nitamfuata nyumbani kwake.

Nilimweleza Ta Kalisti nikiwa nimesimama mlangoni, tayari kufukuzwa. Alifungua kabati, akatoa kopo la kahawa, akanipa kalamu ya almasi. Alisema tu kwamba tangu ainunue haijawahi kupanda basi, na kwamba nikiipoteza nisirudi. Nilichagua glasi tatu nene kidogo, zenye kioo laini kisichoruka vipande, nikazifunga kwa majani makavu ya migomba.

Nyumba ya Ma Skolastika ilikuwa ndani ya kibanja, shamba la migomba la ukoo, mwendo mfupi kutoka stendi ya Muleba. Dada yake, Ma Paulina, ndiye aliyenipokea. Alinipa mbuni za kahawa za kutafuna kama mgeni mwingine yeyote, na kwa sauti ya chini akaniambia mgonjwa hajala tangu jana. Nilimkuta kitandani, ameegemezwa mito, na Kemilembe amelala pembeni yake akinyonya kidole. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilitia kitambaa cheusi ndani ya glasi ya kwanza, nikapaka chaki nje ili kalamu isiteleze, nikaishikilia glasi mapajani kwa mikono yote miwili. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kugeuza glasi taratibu ifuate mkono wake. Kalamu alishika yeye.

Sasa nifike kwenye kosa langu la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Kwetu mkubwa hutangulia. Chakula kikipakuliwa mkubwa hutangulia, jina likiitwa mkubwa hutangulia. Mgonjwa aliomba glasi ya Mulashani kwanza, nami nikampa, bila kufikiri. Mulashani alikuwa na umri wa miaka karibu kumi. Angemkumbuka mama yake kwa sura, kwa sauti, hata kwa viboko. Aliyehitaji kuanza alikuwa yule aliyelala pale akinyonya kidole. Niliziona nguvu zikimwishia mama, niliona anavyopumzika kila baada ya herufi mbili, na bado nikaendelea kushika glasi kwa mpangilio wa desturi, kana kwamba tulikuwa tunapakua ndizi.

Jina la Mulashani akalimaliza. Akapumzika, Ma Paulina akamnywesha maji kwa kijiko. La Kokugonza akalimaliza, ingawa herufi ya mwisho ilibaki ndogo kama chungu. Nilipoweka glasi ya tatu alitabasamu, akamtazama mtoto, akaandika K, na e, na m, na i. Hapo mkono ukaanguka. Kalamu haikumtoka vidoleni. Ilishuka na mkono, ikaburuta mstari mmoja kutoka kwenye ile i hadi chini kabisa, kitakoni mwa glasi.

"Nitamalizia," alisema. "Njoo Jumamosi, Adelina. Usiwape kabla sijamalizia."

Ijumaa asubuhi alikuja shemeji yake karakana kuagiza kioo cha kaburi.

Kile kioo nilikichora mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, na kila herufi ilisimama sawasawa. Glasi tatu nilizorudi nazo zilibaki kwenye rafu. Ta Kalisti aliniambia nimalizie jina la Kemilembe. Alikuwa anazungumza kwa huruma, si kwa ukali. Alisema herufi zilizobaki tunaweza kuziazima kwenye zile glasi nyingine, maana mwandiko ni uleule, na mstari ule tutausagia kwa mashine ya meno uwe jani la mgomba. Tulizitafuta pamoja. L ilikuwepo kwa Mulashani, e na m zilikuwepo palepale. B haikuwepo popote. Ta Kalisti akasema b si kitu cha kumshinda fundi. Mimi nikasema hapana. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia. Nilipeleka glasi zote tatu Muleba kama zilivyokuwa, nikamkabidhi Ma Paulina, nikarudi na basi la mchana. Sikuwa na uhakika kama nimefanya heshima au nimempunja mtoto mara ya pili. Kwa miaka mingi nililifikiria jambo hilo, hasa nikiwa nashika glasi mapajani.

Baadaye Ta Kalisti naye alifariki, kwa uzee tu, jambo ambalo siku zile tuliliona kama tunu. Binti yake akarithi karakana. Dawa za ugonjwa ule zilikuja, vioo vya makaburi vikapungua, glasi za harusi zikarudi. Nilimshukuru Mungu kwa kila jozi. Halafu binti wa Ta Kalisti akaleta mashine ya leza, nami nikaiangalia kama wazee walivyokuwa wakiiangalia ile ya meno.

Haya ndiyo Editha anayoyataka, nisije nikayasahau. Leza haichimbi kioo kama kalamu. Inakipiga joto, na ngozi ya juu inapasuka vipande vidogo mno. Ukitumia nguvu kubwa mchoro unakuwa na magamba na unameguka baadaye. Tumia nguvu ndogo na kasi kubwa, na vinukta visisongamane. Futa glasi kwa spiriti kwanza, maana alama ya kidole inaonekana baadaye kama doa. Kisha lowesha karatasi laini, hata ile ya chooni si aibu, uibandike juu ya glasi bila kuacha mapovu, au paka sabuni ya maji iwe ukungu mwembamba. Hiyo hupoza kioo na mchoro hutoka mweupe sawasawa. Pale chini glasi inapoanza kujikunja miale haifiki vizuri, hivyo inua kitako kwa kabari ya mbao. Ukimaliza, sugua chini ya maji kwa brashi laini mpaka magamba yaliyolegea yaishe yote. Usimkabidhi mtu glasi ambayo itammegukia mdomoni. Rangi za kujazia mchoro ziacheni, zinatoka kwa kuosha vyombo ndani ya mwezi. Mchoro uliotoka vizuri hauhitaji rangi.

Wiki yangu ya mwisho kazini, Editha aliniita kwenye kompyuta. Mteja, dada mmoja mwenye harusi mwezi ujao, alikuwa ameleta glasi ya zamani apigiwe nakala mbili kwa ajili ya meza ya maharusi. Editha alikuwa ameshaipiga picha na kuisafisha kwa programu yake. Kwenye kioo cha kompyuta nikaona herufi nne zilizonyooshwa, laini, zimesimama sawasawa. Alikuwa anajivunia. Aliniambia kwamba kulikuwa na mkwaruzo mrefu na ameuondoa, na kwamba jina linaonekana halikuisha, atamshauri mteja walimalizie kwa herufi za kompyuta.

Sikuhitaji kuiona glasi yenyewe. Niliiona hata hivyo, mezani, juu ya kitambaa. Na yule dada alikuwa amekaa kwenye benchi lilelile alilokalia mama yake, mwembamba, wima.

Nilikwenda nikakaa karibu naye. Nilimwambia mimi ni Adelina, na kwamba siku ile glasi hiyo ilikuwa mapajani mwangu. Nilimweleza yote, pamoja na jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, kwamba ningeweza kumwambia mama yake aanze na yeye, na sikusema. Nilimwomba anisamehe. Nilimwambia kama anataka limaliziwe, nitalimalizia mimi kwa kalamu, na b nitaitafuta.

Kemilembe alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye kompyuta, akaangalia zile herufi zilizonyooshwa. Editha akamweleza kwa upole kuhusu mkwaruzo.

"Huo si mkwaruzo, dada," Kemilembe alisema. "Hapo ndipo mama alipochoka. Usinifutie."

Kisha akarudi akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, kama tunavyowashika wakubwa. Alisema alipokuwa mdogo alilia sana kwamba mama alimnyima jina. Ma Paulina akamkalisha, akachukua kidole chake, akakipitisha kwenye ule mstari, juu hadi chini, akamwambia kwamba wenzake mama aliwaandikia akiwa na nguvu, yeye alimwandikia zilipokuwa zinamwishia na bado hakuiachia kalamu. Baada ya hapo kila usiku kabla ya kulala alikuwa anaupitisha kidole.

"Kaka na dada wana jina, mae," alisema, akiniita mama kwa lugha ya nyumbani. "Mimi nina jina na mkono wake."

Nililia, sitaficha. Editha naye alilia, akafuta faili lake lote akaanza upya bila kusafisha chochote.

Mstari ule ulitusumbua siku mbili. Ulishuka hadi kwenye mkunjo wa kitako, na leza ikawa inaufifisha pale mwisho. Tuliharibu glasi nne. Ya tano tuliinua kwa kabari mbili, tukabandika karatasi mbichi mara mbili, tukapunguza nguvu tena, na ukatoka wote, kutoka kwenye ile i hadi chini, na kale katetemeko kadogo katikati; ya sita ikatoka vilevile. Nilizisugua nakala zote mbili chini ya maji kwa brashi, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilizikausha. Kisha nikapitisha ukucha kwenye mstari kuanzia juu, nikisikiliza kama kuna kinachomeguka. Hakuna kilichomeguka. Ukucha ulifika chini, nami nikazifunga kwa majani ya migomba.